Kutoka Katindiuka Kutafuta Almasi Iliyokatwa Vizuri

Katindiuka hakuna duka la almasi. Kuna mashine za kukoboa mpunga, maduka ya pembejeo, mama lishe, vijana wa bodaboda, na mavuno yakiiva kuna magari ya wanunuzi wa mchele kutoka Morogoro na Dar es Salaam. Fedha ya bonde la Kilombero hutoka shambani, na ndiyo fedha aliyokuwa nayo mdogo wangu alipoamua kuoa. Mchumba wake ni muuguzi hapa hapa Ifakara. Alitaka kumvisha pete yenye almasi ya kweli, hata iwe ndogo kiasi gani, mradi ing'ae inavyopaswa kung'aa. Akaniomba nifuatane naye kuitafuta.

Shangazi yetu hakupendezwa. "Hela hiyo si ungeongeza bati za nyumba?"

"Bati nitaezeka, shangazi. Pete ya uchumba navisha mara moja."

Nilikubali kwa sababu ya ndugu yangu, lakini nilikuwa na sababu nyingine pia. Nchi yetu imechimba almasi kwa zaidi ya miaka 80. Nilitaka kujua Mtanzania wa kawaida, mwenye fedha yake halali ya mpunga, anaipata wapi almasi iliyokatwa vizuri, na jiwe hilo limepita mikono ya nani kabla ya kumfikia.

Tulianzia Mahenge, kwa kuwa ni jirani na kwa kuwa watu wa kule wanayajua mawe. Kutoka Ifakara unavuka mto Kilombero kwa Daraja la Magufuli, lililozinduliwa mwaka 2018. Kabla ya hapo tulivuka kwa pantoni, na mto ukifurika abiria walikaa ng'ambo wakingoja. Baada ya daraja unapita Lupiro, tambarare ya mpunga inabaki nyuma, barabara inaanza kupanda, na hewa ya Mahenge inakupokea ikiwa na baridi ambayo mtu wa bondeni hajaizoea.

Mahenge haina almasi. Ina rubi, na ina spino, jiwe gumu lenye rangi nyekundu iliyochanganyika na waridi. Mwaka 2007 yaliibuka hapo mawe ya spino makubwa kupita kawaida, moja likizidi kilo 50, na tangu wakati huo jina la Mahenge linatajwa Bangkok na Hong Kong na watu ambao hawajawahi kusikia jina la Ifakara. Serikali ilipoanza kufungua masoko ya madini mwaka 2019, Mahenge nayo ilipata soko lake, ambako mwenye leseni huuza na kununua mbele ya maofisa, jiwe likapimwa na mrabaha ukalipwa.

Mfanyabiashara mmoja mwenye leseni alituonyesha jambo ambalo lilitufaa safari nzima. Alitoa mawe mawili ya spino yaliyokatwa, akasema yote yalitoka katika kipande kimoja. La kwanza aliliweka juu ya gazeti, nasi tukaziona herufi kupitia katikati ya jiwe. Sehemu hiyo inayopitisha macho moja kwa moja wao huiita dirisha. La pili alipoliweka hatukuona herufi hata moja, tuliona wekundu tu, mwingi, ukirudi machoni kila alipoligeuza kwa kibano.

"Jiwe lilelile, shimo lilelile," alisema. "Aliyekata ndiye tofauti."

Mdogo wangu, ambaye amekulia kwenye mashine za kukoboa, alilielewa somo hilo mara moja. Mpunga mzuri ukipita kwenye mashine mbovu hutoka chenga, na mnunuzi halipi bei ya mchele mzima kwa sababu tu ulivunwa Kilombero.

Tulipokuwa tukirudi stendi, kijana mmoja alitufuata akidai ana almasi ghafi "ya Mwadui", mgodi wa Shinyanga, imefungwa kwenye karatasi. Tulikataa hata kuifungua. Kununua madini ghafi bila leseni ni kosa kwa Sheria ya Madini, na kipande cha kwazi kinaweza kumdanganya mtu yeyote asiye na vifaa. Nasema hili kwa uzito kwa sababu najua watu bondeni waliouza magunia ya mpunga wakanunua vioo. Almasi ghafi si mali ya kubebwa mfukoni. Tangu mwaka 2003 nchi zinazofuata Mpango wa Kimberley, Tanzania ikiwamo, haziruhusu almasi ghafi kuvuka mpaka bila cheti cha serikali. Iliyokwisha kukatwa haidaiwi cheti hicho, ila inadai maarifa zaidi kwa mnunuzi.

Safari ya kuelekea Dar es Salaam, waliko masonara wa almasi, tuliifanya kwa basi. Barabara ya Ifakara hadi Kidatu, iliyotutesa miaka mingi kwa vumbi la kiangazi na matope ya masika, sasa ina lami. Milima ya Udzungwa ilikuwa kushoto kwetu, imevaa msitu na ukungu, na baadaye mashamba ya miwa yakatanda hadi mto Ruaha Mkuu. Tulipoipita Mikumi dereva aliweka muziki wa dansi wa zamani, na haukupita muda zikasikika sauti za Orchestra Tancut Almasi ya Iringa, bendi ya wale pacha Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa na mtindo wao wa Fimanzi. Vijana wengi wanaocheza nyimbo hizo harusini hawajui kwamba jina la bendi ni jina la kiwanda. Tancut ilikuwa kampuni ya umma ya kukata almasi, makao yake Iringa, na bendi ilikuwa ya kiwanda, kama ilivyokuwa desturi ya mashirika ya umma ya wakati ule kumiliki bendi na timu za mpira.

Mzee aliyekaa kiti cha mbele yetu aligeuka alipotusikia tukiijadili. Aliwahi kuishi Iringa. "Kuajiriwa Tancut ilikuwa heshima, wanangu," alituambia. "Ukikata almasi, mtaa mzima unakujua."

Kwa hiyo kiwanda cha kukata tulikuwa nacho. Almasi ya Shinyanga ilikatwa Iringa na mikono ya Watanzania. Mashirika mengi ya umma yalipoanguka, kiwanda hicho hakikudumu, na kilichobaki maarufu ni nyimbo. Jambo hilo lilinikaa moyoni kuanzia hapo hadi Ubungo, na bado linanikereketa ninapoandika.

Mwadui yenyewe ina historia kubwa kuliko watu wengi wanavyokumbuka. Mwanajiolojia wa Kanada, John Williamson, aliigundua mwaka 1940 baada ya miaka ya kutafuta kwa shida. Mwamba wake wenye almasi una ukubwa wa karibu hekta 146, miongoni mwa mikubwa kabisa iliyowahi kuchimbwa duniani. Mwaka 1947 ilipatikana pale almasi ya waridi ya karati 54.5, na Williamson akamzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza alipoolewa mwaka huohuo. Jiwe lilipelekwa London kukatwa. Lilipotoka lilikuwa na karati 23.6. Zaidi ya nusu ya uzito iliondoka mezani kwa mkataji, na hakuna aliyelalamika, kwa sababu kilichobaki ni moja ya almasi za waridi nzuri kuliko zote zinazojulikana. Mwaka 1953 iliwekwa katikati ya bruchi ya umbo la ua iliyotengenezwa na Cartier.

Hapo ndipo penye kiini cha biashara hii. Almasi huuzwa kwa karati, na karati moja ni sehemu ya tano ya gramu. Mkataji anayekata kwa haki hupoteza uzito ili apate mwanga. Mkataji anayeogopa kupoteza uzito huacha jiwe nene chini au kiunoni, yaani kwenye ukingo unaolizunguka, uzito usioonekana machoni, na mnunuzi huulipia. Almasi ya duara ya karati moja iliyokatwa vizuri ina kipenyo cha milimita 6.4 au 6.5. Iliyokatwa kwa uchoyo inaweza kuwa na uzito uleule ikaonekana ndogo, na katikati yake pakawa na giza.

Dar es Salaam tulikwenda kwa masonara wa mitaa ya Kisutu na Indira Gandhi. Kuna jambo la eneo hilo ambalo mgeni anaweza asilitambue. Familia nyingi za masonara wa pale asili yao ni Gujarati, na mji wa Surat, ulioko Gujarati, ndiko zinakokatwa almasi nyingi kuliko mahali pengine popote, karibu tisa katika kila kumi duniani. Kwa hiyo sonara wa Kisutu anapokuambia atakuagizia jiwe kutoka kwa ndugu yake wa Surat au Mumbai, mara nyingi hasemi uongo. Ukoo na biashara vimepita bahari hii kwa karne nyingi, tangu enzi za majahazi.

Duka la kwanza halikutupa faraja. Jina lake nitaliacha. Muuzaji aliuliza swali moja tu, "Karati ngapi?", akatuletea sinia chini ya taa ndogo kali zinazofanya hata kioo cha chupa kimetemete. Cheti alichotuonyesha kilitoka maabara tusiyoijua, na tulipoomba lupu, kioo kidogo cha kukuzia, tusome namba iliyochorwa kiunoni mwa jiwe, haikulingana na ya kwenye karatasi. Tuliaga kwa adabu tukatoka.

Duka la pili lilikuwa la mzee mmoja anayeongea Kiswahili cha pwani safi kuliko changu. Hakuuliza karati. Alimuuliza mdogo wangu, "Bwana harusi, unataka aione nani, yeye au jirani?" Mdogo wangu akajibu kwamba anataka mchumba wake aione kila siku akiwa kazini, chini ya mwanga wa kawaida wa wodini. Mzee akafurahi. Alituchukua na mawe yake hadi kwenye baraza la duka, mbali na taa, akatuambia tutazame kwenye kivuli.

Pale barazani tulijifunza kwa macho. Jiwe moja lilikuwa na kitako kirefu mno na katikati yake palikuwa peusi. Jingine kitako chake kilikuwa kifupi, na ndani yake kulionekana duara la kijivu, kiuno cha jiwe kikijitazama chenyewe. La tatu lilirudisha mwanga hata kivulini, weupe na cheche za rangi, na lilipotikiswa cheche zilihama kutoka uso mmoja hadi mwingine bila kuacha pengo la giza.

Mzee alitueleza sababu. Almasi hupinda mwanga kuliko karibu kila jiwe tunalolijua. Nyuso za kitako zikiwa na pembe sahihi, mwanga unaoingia juu hugonga upande mmoja wa kitako, huruka hadi wa pili, kisha hurudi juu kwenye jicho lako. Pembe ikikosewa kidogo tu, mwanga huvuja chini au pembeni. Mwaka 1919 Marcel Tolkowsky, kijana wa ukoo wa wakataji wa Antwerp, alikokotoa vipimo vya almasi ya duara kwa hesabu: kitako nyuzi 40.75, taji (sehemu iliyo juu ya kiuno) nyuzi 34.5, na uso wa juu asilimia 53 ya upana wa jiwe. Wakataji wa leo hawavifuati vipimo hivyo kama msahafu, lakini hawaendi navyo mbali. Umbo hilo la duara lina nyuso 57, au 58 ikiwa ncha ya chini nayo imesuguliwa.

Maabara ya Marekani ya GIA, iliyoanzishwa mwaka 1931, ilianza mwaka 2006 kuupa daraja mkato wa almasi za duara, kutoka bora kabisa hadi hafifu. Rangi na usafi wa jiwe ni kazi ya ardhi. Mkato peke yake ndio kazi ya binadamu, na kwa maoni yangu ndiyo sehemu pekee ya bei ambayo mnunuzi anailipa huku akimheshimu mtu aliyeitolea jasho. Mwenye fedha ndogo ashushe rangi daraja moja au mawili, ashushe usafi hadi pale dosari zinapohitaji lupu kuonekana, apunguze hata karati. Mkato asiuguse.

Kuna ujanja mwingine mdogo wenye faida kubwa. Bei hupanda kwa kishindo kwenye namba maalumu kama nusu karati na karati moja. Jiwe la 0.47 halitofautishwi kwa macho na la 0.50, ila fedha inayobaki inasaidia kulipia dhahabu ya pete yenyewe. Baya zaidi ni jiwe lililokatwa vibaya makusudi ili lifike 0.50.

Tulijaribu pia njia ya kununua ng'ambo moja kwa moja. Usiku, katika nyumba ya wageni Kariakoo, tulipekua kwenye simu mawe ya wauzaji wa Antwerp, Mumbai na Dubai, kila moja na video yake likizungushwa na namba yake ya cheti. Bei nyingi zilikuwa nafuu kuliko za dukani. Kisha tukaongeza bima ya kusafirisha, ushuru na kodi, gharama ya benki, na swali la nani atalirudisha jiwe likija si lenyewe. Kwa mtu mwenye ndugu Dubai anayeaminika na anayejua kutazama, njia hiyo ni nzuri. Kwa mtu wa Katindiuka aliyejifunza kutazama juzi, niliona ni heri sonara anayeagiza kwa dhamana yake, akakuwekea mawe mezani, ukachagua, na mengine yakarudi alikotoka. Unalipia kidogo zaidi, na unajua mlango wa kuugonga kukitokea tatizo.

Mzee wa Kisutu alitutajia pia almasi za maabara, zinazokuzwa kwenye mashine kwa majuma machache. Ni almasi kweli, ugumu uleule na mwanga uleule, na kifaa cha kawaida cha kupima joto hakiwezi kuzitenganisha na za ardhini. Bei yake imeporomoka. De Beers wenyewe, kampuni kubwa ya almasi za ardhini, walianza kuziuza mwaka 2018 kwa dola 800 kwa karati, kisha mwaka 2025 wakatangaza kuifunga biashara hiyo. Sioni aibu kwa anayeichagua akijua. Dhambi ni ya anayeiuza kwa bei ya almasi ya ardhini akanyamaza. Mdogo wangu alitaka ya ardhini, tena alitamani iwe ya Mwadui.

Hapo ndipo tulipokwama. Mzigo aliotuagizia mzee wa Kisutu ulipokuja kutoka Mumbai, mdogo wangu alichagua almasi ya karati 0.40, mkato wa daraja la juu kabisa, kipenyo milimita 4.7, rangi H, dosari zisizoonekana bila lupu. Tuliingiza namba kwenye tovuti ya GIA, tukaisoma ile iliyochorwa kiunoni, zikalingana. Alipouliza imechimbwa wapi, mzee akainua mabega. Cheti cha kawaida hakisemi. Almasi za Mwadui kwa miaka mingi zimeuzwa ghafi kwa zabuni Antwerp, zikachanganyika na za nchi nyingine, zikaenda Surat kukatwa. Yawezekana jiwe lake lilitoka Shinyanga, likapita Ubelgiji na India, likarudi Dar es Salaam. Yawezekana lilitoka Siberia.

Kujua lilikotoka si suala la fahari tu. Mei 2021 kampuni ya Petra, iliyokuwa ikiumiliki mgodi wa Mwadui kwa sehemu kubwa, ilikubali kulipa pauni milioni 4.3, bila kukiri kuwajibika, kumaliza madai ya watu waliosema walijeruhiwa au ndugu zao waliuawa na walinzi na polisi mgodini. Novemba 2022 kingo za bwawa la tope la mgodi huohuo zilipasuka, na tope likafunika nyumba na mashamba ya majirani. Anayevaa almasi ana haki ya kuuliza hayo, na anayeiuza ana wajibu wa kuwa na jibu. Jiwe likichimbwa Mwadui na kukatwa ndani ya nchi hiihii, jibu hilo halitapotea Antwerp.

Botswana wamethibitisha kwamba nchi yenye almasi inaweza kuivuta kazi hii nyumbani. Walitumia almasi zao kama hoja mezani, na mwaka 2013 De Beers wakayahamisha mauzo yao ya almasi ghafi kutoka London hadi Gaborone, ambako viwanda vya kukata vinaajiri vijana wa Kibotswana. Sisi tuna Kituo cha Jemolojia Arusha, kinachofundisha vijana kukata na kusanifu vito. Tuna sehemu ya serikali katika Mwadui, iliyokubaliwa kufikia asilimia 37 katika makubaliano ya mwaka 2021. Tuna masonara wenye ndugu Surat ambao wangeweza kuleta mashine na mafundi wa kufundisha. Na Iringa iliwahi kuifanya kazi hii.

Pete ilitengenezwa kwa dhahabu, mdogo wangu akairudisha Ifakara kwa basi, na ndoa imekwishafungwa. Shangazi aliitazama kivulini, chini ya mwembe wetu wa Katindiuka, akakiri inang'aa. Wizara ya Madini na wenye mgodi wa Mwadui nawaomba jambo moja: kila mwaka tengeni sehemu ya almasi ikatwe hapa nchini, Shinyanga au Iringa, na cheti chake kiandike kijiji ilikochimbwa na mji ilikokatwa. Wanunuzi tupo, hata Katindiuka.